Nyumba ndani ya mchezo: ufunguo uko kwa nani?

Najua wengine watauliza juu ya nini mtu mwenye diplome anakaa kuandika habari za michezo ya ordinatere. Nitajibu kwa neno moja: parseli. Hapa kwetu ni nani hajaona familia mbili zikienda tribinali juu ya parseli moja? Sasa mtindo mpya wa michezo mikubwa ya mtandaoni, ile ambamo maelfu ya watu wanaishi pamoja ndani ya dunia moja, njo huo: nyumba. Kila kampuni inataka ujenge, upambe, uite majirani. Wanaoandika juu ya michezo wanasifu mapazia na viti. Mimi nataka kwanza kuona dokima.

Tuanze na World of Warcraft, mzee wa kartie. Ilitoka Novemba 2004. Zaidi ya miaka 20 watu wameua majoka humo bila kuwa na mahali pa kutundika kofia. (Ile kambi waliyopewa 2014 ilikuwa kambi, tusidanganyane.) Sasa, pamoja na sehemu mpya iitwayo Midnight, Blizzard imeleta nyumba na mitaa ya kweli. Nakubali kazi imefanywa vizuri: hakuna bahati nasibu ya kupata kiwanja, na ukikosa kulipa mwezi mmoja hawakunyang'anyi nyumba. Mlango unafungwa tu mpaka ulipe tena.

Hapo wanampiga jirani yao kofi bila kumtaja jina. Ndani ya Final Fantasy XIV viwanja ni vichache kuliko watu, wanavipiga kura, na aliyepata akikaa siku 45 bila kuingia, nyumba inabomolewa. Siku 45! Mtu wa kwetu umeme ukikatika, unite zikiisha, halafu mitihani ifuate, anarudi anakuta majani. Kweli, 2020 wakati wa korona Square Enix ilisimamisha ubomozi kwa muda. Lakini hiyo ilikuwa huruma. Mwenye nyumba akikuhurumia leo, bado yeye ndiye mwenye nyumba.

Mfano unaoniuma zaidi ni New World ya Amazon. Ilipotoka Septemba 2021, zaidi ya watu 900,000 waliingia kwa wakati mmoja kwenye Steam, na wengine walipanga foleni masaa na masaa mbele ya seva. Mule ndani ulikata mti, ukachimba chuma, ukanunua nyumba mjini kwa sarafu za mchezo, tena ukalipa kodi yake kwa chama cha wachezaji kilichotawala mji huo. Makosa yalikuwa mengi. Novemba ya mwaka uleule ilibidi biashara isimamishwe kwa muda, kwa sababu watu waligundua namna ya kuzalisha dhahabu ya uongo. Mchezo uliendelea kutengenezwa, ukapata jina jipya 2024, halafu Oktoba 2025 Amazon ikasema haitaongeza kitu kipya tena. Seva zitazimwa tarehe 31 Januari 2027. Siku hiyo nyumba, kodi, chama, vyote vinalala.

Mtu ataniambia: ulisaini masharti, kampuni haikukuuzia kitu, ilikukopesha nafasi. Sawa. Lakini sisi Wakongo fikra hiyo tunaijua. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, raia anapewa konsesyon tu. Tofauti ni kwamba konsesyon ya raia inaweza kuwa ya kudumu, unaweza kuwaachia watoto wako, na ukionewa unajua utashitaki wapi. Mchezaji wa New World hana hata hiyo. Ana risiti.

Tena usifikiri haiwezekani kufanya vingine. City of Heroes ilifungwa na NCSoft tarehe 30 Novemba 2012, watu wakalia kama kwenye matanga. Kumbe kikundi kidogo kilikuwa kimeficha nakala na kuichezesha kwa siri. 2019 siri ikatoka, nakala ikaenea, na wengi tulingoja kuona mawakili. Mawakili hawakuja na tochi. Januari 2024 NCSoft yenyewe ilitoa ruhusa rasmi kwa kikundi cha Homecoming waendeshe mchezo huo, bila malipo, kwa michango ya wapenzi wake. Kampuni haikufa kwa hilo. Kwangu habari hiyo ina uzito kuliko matangazo yote ya michezo mipya niliyotazama tangu wakati ule.

Na hiyo mipya? Nitapita haraka, maana hapo hakuna mengi ya kushika mkononi. Riot ilisema Desemba 2020 kwamba inatengeneza dunia kubwa kutoka League of Legends. Machi 2024 wakakiri wameanza upya na watanyamaza muda mrefu. Star Citizen ilianza kukusanya pesa za watu 2012, ikaahidi kutoka 2014, imepita dola milioni 800 na bado haijamalizika. Hiyo ni likelemba ambayo zamu yako haifiki, lakini kila mwezi wanakuonyesha picha ya merikebu mpya ya kununua.

Kinachonipa moyo ni mchezo wenye sura mbaya kuliko yote. Old School RuneScape ilifunguliwa Februari 2013 kutoka nakala ya Agosti 2007, kwa sababu wachezaji walidai wa zamani urudi. Tangu hapo kitu kikubwa hakiingizwi bila kura. Kwanza ilihitajika asilimia 75, sasa 70. Kazi ya ubaharia iliyoingia Novemba 2025 ilipita kwenye kura hizo. Tangu 2018 inachezeka kwenye simu, haili mega nyingi. Ufunguo bado uko kwa Jagex, sikatai. Lakini angalau mpangaji anaulizwa kabla ukuta haujavunjwa.

Kule Ulaya, Ubisoft ilipozima seva za The Crew mwisho wa Machi 2024, Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja Julai 2025. Hawadai seva ziwake milele. Wanadai mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuweza kuchezeka hata mwuzaji akiondoka. Sisi hatukuweza kutia sahihi, ilikuwa ya raia wa kule, ingawa dola zetu wanazipokea bila kuuliza paspoti.

Mdogo wangu ameniuliza aanze mchezo gani. Nimemwambia afungue masharti, atafute mstari unaoeleza kitakachotokea siku ya kufunga. Amerudi jioni akisema ameuona: kampuni inaweza kufunga wakati wowote. Amesoma mstari huo mara mbili, halafu akaniomba unite ili apakue.