Je, Kanisa ni Familia ya Nani?

Neno likitumika sana hupungua makali. Ndivyo ninavyouona usemi huu ambao siku hizi hausikiki mahubirini tu, bali hata katika vikao vya michango na kwenye kadi za sherehe: kwamba Kanisa ni familia ya Mungu. Mimi siukatai usemi huo. Nauona ni mzuri, na tena ni wa kweli. Lakini kazi ya mwalimu ni kumwuliza mwanafunzi, "Unamaanisha nini hasa?" Katika kurasa hizi nataka kuuliza swali hilo hilo, nikitumia mifano ya Mpanda na mwambao wa Ziwa Tanganyika, sehemu nilizofundisha tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu.

Usemi wenyewe una mizizi katika Maandiko, kwani Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso kuwa wao si wageni tena, ila ni watu wa nyumba ya Mungu. Hata hivyo, kwetu Afrika ulipewa nafasi ya pekee na Sinodi ya Maaskofu iliyofanyika Roma kuanzia tarehe 10 Aprili hadi tarehe 8 Mei 1994. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Septemba 1995, Papa Yohane Paulo II alitia sahihi huko Yaoundé, Kameruni, waraka uitwao Ecclesia in Africa. Ndani ya waraka huo Kanisa kama familia lilitajwa kuwa wazo la kuongoza uinjilishaji wa bara zima, kwa sababu familia huwafundisha watu kutunzana, kupokeana na kuaminiana.

Mbegu hiyo haikuangukia mwambani. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika umoja wao wa AMECEA, walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Kanisa lijengwe kutoka chini, katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kila msomaji wa Tanzania anazifahamu. Kaya chache za mtaa mmoja hukutana mara moja kwa wiki, leo nyumbani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Husoma Injili, humtazama mgonjwa, humchangia aliyefiwa. Nimeona mama mjane akipaliliwa shamba lake lote la mahindi kwa asubuhi moja, na waliopalilia hawakuwa wa kabila lake wala wa kijiji alikozaliwa. Anayedharau jambo kama hilo hajui maisha ya mtu mpweke.

Pamoja na sifa hizo, nina hoja tatu juu ya jinsi tunavyoutumia mfano huu.

Hoja ya kwanza ni kwamba tunaieleza familia kama ilivyo siku ya harusi tu. Wahubiri wetu huizungumzia kana kwamba ndani yake hamna ila upendo. Lakini nani hajui kwamba katika familia ndimo mjane hunyang'anywa shamba na mashemeji zake? Katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na aghalabu mnong'ono wa kwanza haukutoka kwa mgeni, ulitoka ndani ya ukoo. Kwa hiyo kumwambia mtu "karibu katika familia" si lazima liwe neno la faraja. Inategemea familia aliyoijua yeye.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ukoo hutambulika kwa mipaka yake. Tunaposema "hawa ni wetu", papo hapo tumekwisha kusema kwamba wako wengine wasio wetu. Maaskofu wenyewe waliliona jambo hili. Ndani ya Sinodi ile ile Askofu Albert Obiefuna wa Awka, Nigeria, alionya kwamba kwa Wakristo wengi damu ya ukoo na ya kabila imekuwa nzito kuliko maji ya ubatizo. Na haikuhitajika kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa yameanza siku chache kabla ya Sinodi kufunguliwa. Maaskofu walipokuwa wakiizungumza familia ya Mungu huko Roma, waliobatizwa walikuwa wakiwaua waliobatizwa katika nchi ambayo wengi wa raia wake walikuwa Wakristo, na pengine ndani ya makanisa yenyewe, kama vile Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Waraka wa 1995 unaonya waziwazi dhidi ya ukabila. Kasoro naiona kwetu sisi tulioupokea: tumelishika neno "familia" na kuliacha onyo.

Wala mtu asidhani kwamba familia isiyo ya damu haiwezi kufunga mlango. Ng'ambo ya ziwa, huko Katanga, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha katika miaka ya 1950 kundi lililojiita Jamaa, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya shaba na wake zao. Watu wale walikuwa mbali na koo zao, wakiishi katika nyumba za kampuni, nao wakapata baba na mama katika imani. Lilikuwa jambo jema. Lakini baadaye zilijengeka ndani yake hatua za kuingizwa na mafundisho yasiyojulikana na walio nje, hata maaskofu wakaingiwa na wasiwasi. Hivyo waliokusanyika ili kuponya upweke waliishia kuwa na siri ambazo Wakristo wenzao hawakuzijua.

Hoja ya tatu inahusu ubaba. Familia ikiwa na baba asiyeulizwa, watoto hawakui. Ili kulieleza hili vizuri sina budi kwenda Karema, ambako historia ya Kanisa katika mkoa wetu ilianzia.

Karema iko kando ya ziwa, katika wilaya ambayo sasa yaitwa Tanganyika. Ngome yake ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawakabidhi Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie mwaka 1885. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea katika nchi hizi, na misafara ilikuwa ikivuka ziwa. Wamisionari walikomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, wakawaweka karibu na misioni. Fikiri, msomaji, watoto wale walikuwa nani. Walikuwa watu walionyang'anywa kila kitu ambacho ukoo humpa mtu: jina la babu, makaburi ya wazee, mahari, mjomba wa kuwasemea. Wakabatizwa, wakapewa mashamba, wakaozeshana wao kwa wao. Kanisa la Katavi, kwa hiyo, halikuanza kwa kuzikusanya familia zilizokuwapo. Sehemu kubwa ya waumini wake wa mwanzo walikuwa watu wasio na familia.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Padre alikuwa baba wa wote, tena baba mwenye kauli ya mwisho juu ya shamba, ndoa na adhabu. Huo ndio ubaba ninaoukosoa, na masalio yake tunayo hata leo tunapomwona mzee wa miaka 60 anashindwa kumwuliza paroko kijana fedha za jengo zimekwendaje. Lakini hata katika hali ile alitokea mtu aliyekua.

Huyo ni Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali, akaibwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa hadi Algeria ambako wamisionari walimkomboa. Alisomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akiwa mganga na katekista. Alikaa pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka 67. Alioa binti wa Wabende, wenyeji wa nchi hiyo, na mwana wao akawa padre. Mtu huyu hakuwa na ndugu hata mmoja wa damu katika Tanganyika nzima, lakini alitibu watu wa vizazi vitatu, bila kuuliza kwanza mgonjwa ni wa nani. Nikitaka kumweleza kijana maana ya Kanisa kuwa familia, naanza na Atiman kabla ya waraka wowote.

Na mji wa Mpanda wenyewe je? Nao ulijengwa na wageni. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na watu walikuja nayo kutoka kila upande. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 wengi walibaki. Kisha wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakawekwa Katumba kuanzia 1973 na Mishamo kuanzia 1978. Walifyeka misitu, wakalima, wakajenga makanisa ya madhehebu mbalimbali kwa matofali yao wenyewe. Kwa miaka zaidi ya 40 waliitwa wakimbizi, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapa, hadi mwaka 2014 wengi walipokabidhiwa vyeti vya uraia. Wakaja pia wafugaji na wakulima kutoka Usukuma. Jimbo la Mpanda liliundwa mwaka 2000 kutoka Jimbo la Sumbawanga, na Mkoa wa Katavi ukaundwa mwaka 2012. Basi mahali kama hapa, nani mwenye haki ya kusimama mlangoni na kusema, "Huyu si wetu"?

Hata hivyo nimelisikia likisemwa. Miaka kadhaa iliyopita alifariki katika mtaa mmoja mlinzi wa usiku, mzee aliyekuja kwa treni zamani sana, na hakuna aliyejua kwao. Alikuwa amebatizwa. Viongozi wa jumuiya walikutana, wakafungua daftari. Jina lake lilikuwamo, lakini safu ya mahudhurio ilikuwa tupu, na safu ya michango tupu kwa miaka miwili. Ikaamuliwa kwamba hapatakuwa na ibada wala kwaya. Nilipouliza sababu, mmoja wao, mtu mwema kwa mambo mengi, alinijibu kwa methali: "Mwalimu, undugu ni kufaana. Yeye hakutufaa." Sanda ilitolewa na mwenye duka Mwislamu. Makaburini tulikuwa watu tisa. Mimi na kina mama watatu tulisali Baba Yetu, tukamfukia.

Nataka kuwatendea haki viongozi wale, kwa maana hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: pasipo utaratibu watu watatukimbia wakiwa wazima na kutukumbuka wakiwa maiti. Wanasema tena kwamba mjane maskini anayetoa shilingi zake kila wiki ataona amefanywa mjinga. Ni kweli kwamba jumuiya isiyo na wajibu hufa. Nami nimekuwa mwalimu mkuu. Najua shule isiyo na daftari la mahudhurio huishia wapi.

Lakini shule si familia, na hapo ndipo ulipo mkanganyiko wetu. Mtoro nilimwadhibu, na aliyezidi kutoroka nilimfuta. Nyumbani kwangu sikuwa na daftari. Mtoto mvivu wa kuchota maji alikaripiwa, lakini usiku alilala ndani, na angekufa ningemzika mimi. Tukitaka Kanisa liwe chama cha kufa na kuzikana, basi tuseme hivyo, tuandike katiba, na asiyelipa ada asidai. Vyama hivyo vipo na vina manufaa. Lakini tukisema ni familia, hatuwezi kumdai mtu kwa sheria za familia na kumzika kwa sheria za chama.

Methali ile nayo ilitumika vibaya. Wazee husema undugu ni kufaana, si kufanana. Mkazo wake ni kwamba usimchague ndugu kwa sura wala kwa damu. Yule kiongozi aliikata nusu, akaigeuza kuwa hesabu ya mkopo: nifae nikufae. Yesu alipoambiwa kwamba mama yake na ndugu zake wamesimama nje wanamtafuta, aliwatazama waliomzunguka akasema hao ndio mama yake na ndugu zake, na kila afanyaye mapenzi ya Mungu. Hakuifunga nyumba; aliipanua ukuta. Na alipotaka kueleza jirani ni nani, alimchukua Msamaria, mtu ambaye hakuwa katika daftari la mtu yeyote pale.

Kwa hiyo shauri langu ni dogo na halina gharama. Kila jumuiya iendelee na daftari lake la michango, kwani taa na mishumaa hununuliwa. Ila pawe na la pili, jembamba, lenye majina ya watu wa mtaa wasio na ndugu: mlinzi, kikongwe anayenong'onwa, mgeni aliyeshuka treni mwezi uliopita, mama aliyefika juzi kutoka kijiji kisichojulikana. Mkutano wa kila wiki uanze kwa kulisoma hilo kabla ya lile la fedha, na aulizwe mtu kwa jina nani amemwona. Tukifanya hivyo kwa mwaka mmoja tutajua kama usemi wetu ni wa kweli, na paroko hatahitaji kutuhubiria sana juu yake.

Hayo ndiyo maoni yangu. Msomaji ayapime, na akiona nimekosea kiasi cha adhabu kwa asiyechanga, tubishane juu ya hilo. Juu ya kumzika mtu aliyebatizwa, mimi sioni la kubishana.