Mtikisiko wa Usukani: Neno Moja kwa Hitilafu Tatu

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kulipima neno kwa asili yake, kwa ufupi wake na kwa jinsi linavyokubaliana na sarufi ya Kiswahili. Vipimo hivi ni vyema. Lakini kipo kipimo cha nne ambacho wafasiri wa mambo ya ufundi hawana budi kukitumia: je, fundi akilisoma neno, mkono wake utakwenda penye kasoro? Nia ya makala haya ni kukipima kwa kipimo hicho kijitabu kimoja cha matunzo ya magari, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza na kugawiwa madereva wa ofisi moja mjini Wete, Pemba.

Tuanze kwa haki. Mfasiri ameandika kwa lugha safi. Ametumia springi, beringi na bushi, maneno ambayo kila fundi anayajua, wala hakujitaabisha kuyaundia mbadala. Usukani nao ni neno letu la baharini lililopanda nchi kavu, na limekaa vizuri.

Kijitabu chahusu magari ya kale ya aina ya Land Rover na Land Cruiser, ambayo magurudumu yake ya mbele yameunganishwa kwa ekseli moja nzima. Katika kisiwa chenye vilima vingi na udongo unaoteleza kama Pemba, magari hayo yana kazi yake. Hata hivyo, mfasiri ameyaita "magari ya magurudumu manne". Msomaji atauliza: gari dogo la abiria lina mangapi? Ilipasa kusema magari yanayovutwa na magurudumu yote manne. Neno refu lenye maana ni bora kuliko fupi lisilobagua.

Kosa hilo ni dogo. Kubwa ni "mtikisiko wa usukani", ambalo mfasiri amelitumia kwa hitilafu tatu zisizofanana.

Ya kwanza hutokea mwendo unapofika kiasi fulani, hata barabara ikiwa laini, na aghalabu hupungua mwendo huo ukipita. Chanzo chake kwa kawaida ni gurudumu lisilo na mizani: tairi lililolika vibaya, ringi iliyopinda, au tope lililoganda ndani ya ringi, jambo lisilo geni wakati wa masika.

Ya pili si kutikisika hata kidogo. Gari halishiki njia. Dereva huuzungusha usukani kidogo na magurudumu hayaitikii. Hapo pana ulegevu, ama ndani ya kisanduku cha usukani ama katika viungo vya fito zake.

Ya tatu ndiyo ya hatari. Gari hupiga shimo, na ghafla magurudumu ya mbele huanza kupiga kulia na kushoto kwa nguvu, usukani ukimpokonya dereva mikono, wala hayatulii mpaka gari lipunguzwe mwendo sana. Kwa kuwa ekseli ni moja, pigo la upande mmoja hufika upande wa pili, na penye ulegevu pigo hurudi na kujiongeza lenyewe. Chanzo huenda kikawa beringi za kingipini, ncha za tairodi, au, katika magari yenye springi za koili kama Land Rover One Ten ya mwaka 1983, bushi za fito inayozuia ekseli isihame upande.

Sasa tazama madhara. Chini ya kichwa "mtikisiko", kijitabu chaagiza kwamba shokamzoba ya usukani ibadilishwe. Shokamzoba mpya yaweza kuunyamazisha mpigo kwa muda, lakini ulegevu umebaki pale pale, na siku utakaporudi huenda gari likawa limejaa watu mteremkoni. Fundi hakukosea, alitii maandishi.

Yapo pia maneno "mwinamo wa gurudumu", yaliyotumiwa mahali ambapo matini ya asili yahusu mlalo wa kingipini kuelekea nyuma. Mlalo huo ndio unaoyarudisha magurudumu katika mstari, na ukipungua gari huzidi kupoteza utulivu. Mwinamo wa gurudumu kwenda ndani au nje ni jambo jingine, nalo katika ekseli nzima kwa kawaida halirekebishwi. Fundi ameelekezwa kwenye mlango usiofunguka.

Mafundi wenyewe hawachanganyi. Mmoja huketi akiuzungusha usukani kidogo kidogo, magurudumu yakiwa chini, na mwenzake hutazama kiungo kimoja kimoja kuona kipi "kinacheza". Kisha gurudumu huinuliwa kwa jeki na kutikiswa kwa kushikwa juu na chini. Mchezo ukitoweka breki inapokanyagwa, kasoro i katika beringi za gurudumu. Ukibaki, iangaliwe kingipini. Vitendo vyao vimekwisha kubagua. Lugha ya maandishi ndiyo iliyobaki nyuma.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo yajadiliwe:

1. Mtetemo: hitilafu ya kwanza, itokanayo na gurudumu lisilo na mizani.
2. Kuwayawaya: gari kutoshika njia. Ulegevu wenyewe wa kiungo uitwe mchezo, kama wasemavyo mafundi.
3. Mpapatiko: mpigo wa ghafla unaojiongeza. Kuku aliyechinjwa hupapatika. Hakuna dereva atakayedhani kuwa ni jambo la kupuuzwa.
4. Mlalo wa kingipini na mwinamo wa gurudumu yawe maneno mawili, kila moja na kazi yake.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba "mchezo" na "mpapatiko" ni maneno ya gereji yasiyostahili kitabu. Hoja hii haina nguvu. Usukani nao ulikuwa neno la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Mfasiri wa ufundi na aende gereji kabla ya kwenda kwenye kamusi, na rasimu yake isomwe na fundi kabla ya kupigwa chapa. Istilahi ya gari haimalizi kazi yake mezani; humaliza barabarani.