Roketi Inayotupa Betri Zake

Mapema Julai 2020 roketi ndogo iitwayo Electron iliondoka rasi ya Mahia, New Zealand, ikiwa imebeba setilaiti saba. Hatua ya kwanza ilimaliza kazi yake ikadondoka, ya pili ikawaka vizuri. Kabla dakika ya sita haijatimia, injini ikazimika. Hapakuwa na mlipuko. Roketi iliendelea kutuma taarifa zake ardhini kama kawaida, wakati tayari ilikuwa inaanguka pamoja na mzigo wote.

Chanzo chake angekielewa fundi yeyote wa umeme wa majumbani: kiungo kimoja cha waya hakikushika sawasawa. Kwenye majaribio ya ardhini kilishika, kikapita. Angani kikaanza kupata moto, joto likakitanua, utomvu uliokifunika ukayeyuka, umeme ukakatika. Lakini kwa nini injini ya roketi, inayochoma mafuta ya taa yaliyosafishwa pamoja na oksijeni ya kimiminika, izimike kwa sababu ya waya?

Wenyeji wa Malindi waliozoea kuziona roketi za Scout zikiruka kutoka jukwaa la San Marco waliona kitu cha aina nyingine. Scout ilikuwa ya fueli yabisi: ikishawashwa, inaungua yenyewe ndani ya ganda lake. Fueli ya kimiminika lazima isukumwe kuingia kwenye chumba cha mwako, ambako shinikizo ni kubwa kuliko ndani ya tangi. Ukiamua kulitia tangi lenyewe shinikizo, kuta zake zitakuwa nene na roketi itakuwa nzito. Kwa hiyo wengi hutumia pampu, na pampu huzungushwa na tabaini inayopulizwa na gesi ya moto. Hapo ndipo fedha na miaka ya wahandisi huishia. Upande mmoja wa mhimili kuna gesi ya nyuzi mamia kadhaa, upande wa pili oksijeni iliyo karibu nyuzi 183 chini ya sifuri, na vyote vinazunguka kwa kasi ya kutisha.

Peter Beck na kampuni yake ya Rocket Lab waliiondoa tabaini. Kila injini ya Electron, iliyopewa jina la mwanafizikia Rutherford wa New Zealand, ina mota mbili za umeme, moja ya oksijeni na moja ya mafuta. Mota yenyewe haizidi kopo la soda, lakini inatoa takriban kilowati 37 na kuzunguka mara 40,000 kwa dakika. Umeme unatoka kwenye betri za lithiamu. Magazeti yalishangilia zaidi kwamba sehemu kuu za injini zinachapwa kwa mashine za 3D. Ni kweli, na inaokoa muda, ila kwangu ujanja wenyewe uko kwenye mota: kasi ya pampu sasa inaongozwa na programu ya kompyuta, si kwa kucheza na gesi ya moto.

Gharama yake ni uzito. Tangi likipungua mafuta, roketi inakuwa nyepesi. Betri ikiisha chaji, uzito ni uleule. Kwenye hatua ya kwanza, inayofanya kazi kwa dakika mbili na nusu hivi, hasara hiyo inavumilika. Hatua ya pili inaungua dakika nyingi zaidi, na kila kilo inayofika nayo juu ni kilo iliyonyimwa setilaiti. Ndiyo maana katikati ya safari inahamia betri nyingine na kuzitupa zilizokwisha. Kwa roketi ya mita 18 inayobeba hadi kilo 300, hesabu inakubali. Kwa roketi kubwa inakataa: Neutron, ambayo kampuni hiyohiyo inaiunda, imerudi kwenye tabaini.

Electron ilifika kwenye obiti Januari 2018, katika jaribio la pili tu. La kwanza, Mei 2017, lilikatizwa na wasimamizi wa usalama kwa sababu vifaa vya mawasiliano vya ardhini vilikuwa vimepangwa vibaya. Roketi yenyewe haikuwa na kosa. Mwaka 2021 hitilafu ya kiwashio ilivuruga kompyuta ya injini, na safari nyingine ikashindwa.

Septemba 2023 umeme ulirudi kudai chake. Hewa nyepesi sana, isiyo nzito kama ya ardhini wala ombwe kamili, huruhusu cheche kuruka kwa urahisi kuliko tunavyodhani. Waya wa volteji kubwa ulikuwa na dosari ndogo isiyoonekana kwenye kihami chake, na pembeni yake palikuwa na heliamu na nitrojeni kidogo. Cheche ikaruka, mfumo wa umeme ukafa.

Electron iliruka tena Desemba mwaka huohuo. Pampu zake ziliwekwa ili tangi lisihitaji shinikizo kubwa. Sasa fremu ya betri za hatua ya pili ndiyo iliyozibwa na kutiwa shinikizo, dogo tu, la kuzuia cheche.