Sentimita 4 za Mike Powell

Carl Lewis alipofika kwenye fainali ya kuruka chini ya Mashindano ya Dunia, Tokyo, Agosti 30, 1991, alikuwa hajashindwa katika mashindano 65 mfululizo ya mruko huo. Siku tano kabla, palepale Tokyo, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 9.86. Katika mchezo unaotegemea mbio, nani angemkamata?

Raundi ya nne Lewis alitua mita 8.91, sentimita moja mbele ya rekodi ambayo Bob Beamon aliiweka Mexico City mwaka 1968. Lakini upepo ulimsukuma kwa mita 2.9 kwa sekunde, na kikomo cha rekodi ni 2.0. Alama ilihesabika kwenye shindano, si kwenye rekodi. Raundi iliyofuata Mmarekani mwenzake, Mike Powell, akaruka 8.95, upepo ukiwa 0.3 tu.

Siri iko kwenye ubao wa kurukia.

Wote wawili waliufikia kwa kasi ya takribani mita 11 kwa sekunde. Vipimo vya wataalamu vilionyesha kuwa Lewis alipaa kwa pembe ya nyuzi 18 hivi, Powell nyuzi 23. Pembe hiyo kubwa ina gharama: ili mwili upande, sehemu ya kasi ya kwenda mbele hupotea. Powell alipoteza zaidi ya Lewis, ila akapata muda mrefu zaidi hewani.

Pembe hiyo huandaliwa kabla ya ubao. Hatua ya pili kutoka mwisho hurefushwa, nyonga zikashuka kidogo. Ya mwisho hufupishwa, mguu ukakanyaga mbele ya mwili ukiwa umekazwa. Mwili unaupita kwa juu, mguu ukiwa kama upondo unaochomekwa chini mtumbwi ukiwa mwendoni. Goti likilegea hapo, mruko umekwisha.

Ile miguu inayopiga hatua hewani, mtindo walioutumia wote wawili, haiongezi mwendo. Kazi yake ni kuzuia kiwiliwili kisipinduke mbele, ili miguu inyooshwe mapema kabla ya kugusa mchanga.

Lewis alibakiwa na majaribio mawili. La kwanza, upepo ukimpinga kidogo, lilimpa 8.87, mruko wake halali mrefu kuliko yote maishani. La mwisho likawa 8.84.