Mwagizaji, Mchoraji na Mwenye Sura: Tatizo la Kufanana katika Picha za Kuagizwa

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kusema kwamba mwandishi fulani amemchora mhusika wake barabara, au kwamba mhusika mwingine hakuchorwa akakamilika. Usemi huu tumeuazima kwa mafundi wa rangi na turubai, na kwa kuwa tumekaa nao muda mrefu, hatuwaulizi tena wenyewe wanautumiaje. Mhusika wa riwaya hana uso uliopo mahali fulani ambao tunaweza kwenda kuutazama na kuulinganisha na maandishi. Picha ya mtu aliye hai ni jambo jingine. Mwenyewe yupo, ameketi kitini, anatazamwa. Mtu angedhani kwamba kipimo kikiwapo waziwazi namna hii, ugomvi juu ya kufanana hautazuka. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba huko ndiko unakozuka kwa ukali zaidi, hasa picha inapokuwa imeagizwa na kulipiwa, na kwamba aghalabu chanzo chake si udhaifu wa mkono wa mchoraji bali ni mapatano ambayo hayakusemwa.

Nitatumia mifano miwili ambayo imepishana kwa miaka 300 kamili.

Mfano wa kwanza ni wa Amsterdam, mwaka 1654. Mfanyabiashara wa Kireno, Diego d'Andrada, alimwagiza Rembrandt amchoree picha ya msichana fulani, akatanguliza gilda 75. Alipoiona kazi alilalamika kwamba haifanani na msichana hata kidogo. Alikwenda kwa mwandishi wa hati, akaandikisha madai yake: ama Rembrandt airekebishe kabla msichana hajasafiri, ama airudishe arabuni na abaki na picha yake. Jibu la Rembrandt linastahili kutazamwa kwa makini. Alisema hataigusa picha mpaka alipwe kilichobaki au apewe dhamana. Baada ya hapo ataimaliza, na wakuu wa chama cha mafundi wachoraji, Chama cha Mtakatifu Luka, wataamua kama inafanana au haifanani. Wakisema haifanani, ataibadili. Na kama mteja bado hataridhika, ataiweka picha mpaka siku atakapofanya mnada wa kazi zake.

Hapa hatumwoni yule msanii wa hadithi, mwenye nywele timutimu, anayewadharau wenye mali. Tunamwona fundi aliyejua thamani ya kazi yake na aliyejua pia kwamba neno "kufanana" haliwezi kuachiwa kinywa cha mtu mmoja, awe mnunuzi au awe yeye mwenyewe. Ndiyo maana aliomba waamuzi. Lakini tazama ni nani asiyesema. Msichana mwenye sura hana neno lolote katika hati hiyo. Wanabishana wanaume wawili juu ya uso wake, yeye akifunga mizigo.

Mfano wa pili ndio ulionivuta kuandika. Mwaka 1954 Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa anatimiza miaka 80. Wabunge na mabwana wa Baraza la Juu walichanga gini 1,000, yaani pauni 1,050, wakamwagiza Graham Sutherland amchore. Sutherland hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1949 alikuwa amemchora mwandishi Somerset Maugham, picha iliyomshtua Maugham mwanzoni, kisha akaikubali. Kwa hiyo waliomwagiza hawawezi kusema kwamba hawakujua mkono wake. Walikuwa wameonyeshwa sampuli ya kitambaa kabla ya kukata kanzu.

Tangu Agosti mwaka huo Sutherland alikwenda nyumbani kwa Churchill, Chartwell, kumchora. Yasimuliwa kwamba mzee alimwuliza kama atamchora kwa sura ya malaika mchanga au ya mbwa mkali, naye mchoraji akajibu kwamba itategemea atakachoonyeshwa. Swali hilo ni la utani, lakini ndani yake yamo mapatano yote ambayo hayakuandikwa. Churchill alitaka kuchorwa akiwa amevaa joho la daraja la Garter, alilopewa mwaka 1953. Kamati ilitaka avae mavazi yake ya kila siku Bungeni. Basi hata nguo hazikuamuliwa na mwenye kuzivaa. Tena Churchill mwenyewe alikuwa mchoraji wa kujifurahisha tangu mwaka 1915, na mteja anayeijua kazi kidogo ni mgumu kuliko asiyeijua kabisa. Juu ya hayo, Sutherland hakupenda aione picha kabla haijakwisha. Mkewe, Clementine, ndiye aliyeiona kwanza, akamletea mumewe nakala iliyopigwa kwa kamera. Mzee akaghadhibika.

Hata hivyo picha ilifunuliwa Westminster Hall tarehe 30 Novemba 1954, televisheni ikitazamwa nchi nzima. Churchill aliisifu kuwa ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, na ukumbi ukacheka. Ni sifa ya aina ambayo Mswahili angeiita kijembe. Kisha ikapelekwa nyumbani, isionekane tena. Ilipofika mwaka 1978, baada ya Clementine kufariki, ndipo ulimwengu ulipoelezwa kwamba yeye aliamuru iharibiwe. Iliteketezwa kwa moto. Sutherland, aliyefariki mwaka 1980, alikuwa hai kuisikia habari hiyo.

Nakala zilizobaki zinaonyesha nini? Mzee ameketi wima, mikono imeshika mikono ya kiti kama mtu anayejizuia asianguke au anayejitayarisha kusimama. Rangi ni za kahawia na manjano iliyofifia. Miguu haionekani mwisho wake, turubai inamkata. Alikuwa amepatwa na kiharusi Juni 1953, jambo lililofichwa kwa umma. Mchoraji hakuambiwa achore ugonjwa, lakini macho yake hayakuweza kupita kando yake. Mimi naiona kuwa picha yenye heshima. Kinachoonekana ndani yake ni ukaidi kuliko unyonge. Msomaji wa Kenya atanivumilia nikiongeza kwamba mwaka huohuo, Aprili, serikali iliyoongozwa na mzee huyu ilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu wakatiwa vizuizini. Waliokuwa nyuma ya senyenge nao walikuwa na picha yao ya uso ule, wala hawakuulizwa na kamati yoyote.

Zipo hoja mbili zinazosikika kila kesi hii inapotajwa. Moja husema aliyelipa ndiye mwenye haki. Nyingine husema msanii ndiye mwenye jicho, basi wengine wanyamaze. Katika darasa moja nililosoma Uingereza hoja ya pili ndiyo iliyoshangiliwa, na Clementine akahukumiwa kwa dakika tano. Nadhani hoja zote mbili hazitoshi, kwa kuwa zinadhani picha ya kuagizwa ina watu wawili tu. Ina watatu: mwenye kulipa, mwenye sura na mwenye jicho. Amsterdam aliyelipa alisema na mwenye sura alinyamaza. London waliolipa walinyamaza na mwenye sura ndiye aliyenung'unika, ingawa hakutoa senti. Churchill alikuwa na haki ya kukataa zawadi. Alishindwa kuitumia kwa sababu za adabu ya Bunge, nayo haki iliyofungiwa sebuleni ikatokea jikoni kwa sura ya kiberiti. Sutherland naye, kwa kuificha kazi, alimnyima mzee nafasi ambayo Rembrandt alimpa d'Andrada, yaani nafasi ya kubishana kabla rangi haijakauka. Kosa la kuchoma ni kubwa kuliko yote, lakini halikuanza siku ya moto.

Jambo hili linatuhusu. Shaaban Robert alipochapisha wasifu wa Siti binti Saad, Siti alikuwa amekwisha kufa tangu 1950. Hakuwapo wa kusema "siyo mimi". Waandishi wetu wanaoagizwa leo kuandika maisha ya watu wakubwa walio hai hawana nafuu hiyo. Nimesoma miswada ambamo mwenye sura amejichora mwenyewe kwa mkono wa mwandishi aliyemlipa, joho la Garter likiwa katika kila sura. Waimbaji wa taarab ya harusi wana uaminifu zaidi katika hili, maana kila aliyehudhuria anajua nani ametoa tuzo na jina la nani litatajwa. Wasifu wa kulipiwa haumwambii msomaji nani alilipa, naye mhakiki huusifu kwamba mhusika "amechorwa barabara", bila kuuliza ni nani kati ya wale watatu aliyeridhika.

Michoro ya matayarisho ya Sutherland haikuchomwa. Mingine imehifadhiwa katika National Portrait Gallery huko London. Mmoja wao uliuzwa mnadani London mwezi Juni 2024 kwa pauni 660,000.