Fundi Asiyekimbilia Spana

Fundi umeme wa magari aliye mzuri utamjua kwa jambo moja: spana yake huchelewa. Mwenye gari anampigia simu alfajiri, "Fundi, stata imekufa, njoo na nyingine," naye anaitikia vizuri, anafika, anaweka mkoba chini, anaomba funguo, kisha anaanza maswali. Ilianza lini? Jana jioni taa zilikuwa zinafifia? Ikigoma inalia au inanyamaza? Imewahi kugoma asubuhi ikawaka mchana bila kuguswa? Wapo wateja wanaochoshwa na maswali hayo, hasa huku kwetu Shinyanga na Geita, ambako gari likilala siku moja hela ya siku hiyo ndiyo imekwenda. Mimi nayapenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi ile. Ninaandika kumsifu mtu anayeyauliza.

Gari lisilowaka halikatai kwa namna moja. Ukizungusha funguo na kusikia mfululizo wa haraka, tatatata, huku taa za dashibodi zikififia, betri imechoka au kichwa chake kimelegea na kuota ukungu mweupe. Ukisikia pigo moja tu, "tak", kisha kimya, na taa zikabaki vilevile, umeme umefika mlangoni lakini haujaingia ndani. Mota ikizunguka kwa sauti nyembamba na injini isitikisike, bendeksi imekwisha: inateleza bila kuikamata flaiwili. Ukisikia chuma kinasaga chuma, meno yameliwa. Na likiwa kimya kabisa, hata "tak" hakuna, fundi hataji stata kwanza. Kama gari ni otomatiki atakwambia uitoe gia kwenye P uiweke N ujaribu tena, kwa sababu swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia huharibika nayo, na mtu akauziwa stata kwa kosa la swichi ndogo.

Kabla ya mwaka 1912 kuwasha gari ilikuwa kazi ya misuli. Hendeli iliingizwa mbele ya injini, ikazungushwa kwa nguvu, na injini ikirudisha pigo nyuma mkono ulivunjika. Wazee waliokaa na Land Rover za zamani wanaijua hendeli hiyo, maana iliendelea kubebwa kama akiba miaka mingi baadaye. Mmarekani Charles Kettering, wa Dayton, Ohio, ndiye aliyeifanikisha stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ingepaswa kuwa kubwa kupita kiasi. Lakini Kettering alikuwa amewahi kutengeneza mota ndogo ya mashine za kupokelea fedha dukani, inayofanya kazi kwa kitambo kifupi kisha ikapumzika, na alijua kuwa mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mzito mno mradi isibebeshwe muda mrefu. Nguvu yote ya stata iko hapo, na udhaifu wake wote pia. Stata ya gari dogo la petroli ni ya kilowati 1 hivi, lakini inapoanza kuzungusha injini huvuta ampea 100 hadi 200, na ya Land Cruiser ya dizeli huvuta zaidi. Hakuna kifaa kingine ndani ya gari kinachokaribia ulaji huo. Ndiyo maana fundi atakukataza kushikilia funguo zaidi ya sekunde 10, na atakutaka usubiri nusu dakika kabla ya kujaribu tena. Anayeshikilia funguo kwa hasira anazipika nyaya za shaba.

Sasa ichukue mota hiyo ya mizigo mifupi uilete kwenye njia zetu. Mchomoko, ile Probox inayobeba abiria kutoka Kahama au Katoro kwenda vijijini, huzimwa na kuwashwa kila kituo ili kuokoa mafuta, siku nzima, huku injini ikiwa ya moto. Kwa miaka mingi njia ya Kahama kwenda Kakola imekuwa ya changarawe, na kiangazi vumbi lake jekundu ni laini kiasi cha kupita penye upenyo wowote. Waliotoka Mwanza kwenda Geita walikuwa na mtihani mwingine. Hadi Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilipozinduliwa Juni 2025, walivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Gari lilizimwa kivukoni, na upande wa pili ilikuwa lazima liwake, maana nyuma yake kulikuwa na foleni nzima iliyosubiri kushuka. Dereva mwenye stata mbovu alianza kutafuta watu wa kumsukuma kabla hajaiona nchi kavu.

Kusukuma nako kumekwisha nguvu. Zamani gari la gia za mkono lilisukumwa hatua chache, dereva akaachia klachi, likashtuka. Leo barabara zimejaa Noah na IST za otomatiki, na hizo hata kijiji kizima kikizisukuma haziwaki. Kwa hiyo kazi ya fundi umeme imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa kwa baba zake.

Kazi hiyo naijua zaidi jinsi inavyofanyika nyumbani, uani, chini ya mwarobaini, kwa sababu gari lililogoma halina namna ya kujipeleka gereji. Fundi ninayemfikiria anaishi Kahama, mtu mzima, mpole, anakuja kwa bodaboda akiwa na mkoba, mita ya kupimia umeme, taa ndogo yenye nyaya mbili na kipande cha msasa mfukoni. Alikuja kwa jirani yetu, kijana dereva wa mchomoko wa gia za mkono, ambaye tayari alikuwa amepigiwa bei ya stata ya mtumba na amekubali itumwe kwa basi kutoka Gerezani, Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000.

"Mzee, hii imekufa. Hata jana nilisukumwa."

"Imekufa sehemu gani, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Fundi akagusa mita kwenye betri: 12.5. Betri nzima inayolala huonyesha 12.6, kwa hiyo hii haikuwa na shida kubwa. Akamwomba kijana azungushe funguo. "Tak." Mita ikashuka kidogo tu, ikabaki juu ya 12. Hapo mimi nisiyesomea kazi hiyo niliona jambo la kunifurahisha: betri ilikuwa haijabebeshwa chochote. Stata ikivuta kweli, betri hushuka hadi 10 au karibu na hapo. Isiposhuka, umeme haupiti. Mahali fulani kati ya betri na ardhi ya injini njia imekatika.

Akaifuata njia hiyo kipande kwa kipande. Mguu mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye bodi ya injini, funguo: karibu sifuri, kwa hiyo ethi haikuwa na tatizo. Mguu mmoja kwenye kichwa chanya, mwingine kwenye nati kubwa ya stata inayopokea waya mnene, funguo: karibu sifuri tena. Waya mdogo unaotoka kwenye swichi ya funguo ulikuwa na umeme wake kamili. Mwisho akaweka miguu ya mita kwenye nati mbili kubwa za solenoidi, yaani swichi ya stata yenyewe: ile inayopokea na ile inayopeleka ndani ya mota. "Tak." Mita ikasoma 12 na ushee.

"Mlango unagongwa lakini haufunguki," akasema. "Mota yako nadhani ni nzima."

Wapo wanaoruka hatua hizi zote kwa kugusisha nati hizo mbili kwa bisibisi mpaka cheche ziruke na mota izunguke. Wanapata jibu, sikatai. Lakini bisibisi huyeyuka, nati huunguzwa, na gari lililosahauliwa kwenye gia linaweza kumrukia mtu aliyelala chini yake. Mita inatoa jibu lilelile bila kuhatarisha mkono.

Ndipo spana ikatoka. Kwanza alifungua kichwa hasi cha betri na kukiweka mbali, na hili halina mjadala: waya mnene wa stata unatoka betri moja kwa moja bila fyuzi, na spana ikigusa waya huo na bodi kwa wakati mmoja inageuka jiko. Akaweka mawe kwenye matairi, akainua mbele kwa jeki, akaweka magogo chini ya chesesi ili jeki isibaki peke yake. Nati ya waya mnene, soketi ya waya mdogo, bolti mbili zilizogandishwa na vumbi. Stata ikatoka, nzito kuliko umbo lake, imevaa tope jekundu lililochanganyika na mafuta.

Alichonionyesha baada ya kufungua mfuniko wa solenoidi sitakisahau. Ndani mna kipande cha shaba cha mviringo juu ya fimbo, kinachovutwa na sumaku kila funguo inapozungushwa, na kinapofika mwisho kinagonga vipande viwili vidogo vya shaba na kuviunganisha. Hayo tu ndiyo yanayobeba ampea 200. Kila mguso unarusha cheche, na kila cheche inaondoka na shaba kidogo. Kipande cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa hadi kubaki wembamba wa karatasi ngumu, chenye kingo zilizochongoka na weusi wa moshi. Cha pili kilikuwa na nusu ya unene wake. Ule mviringo ulikuwa unafika mwisho wa safari yake na kukosa cha kugusa, kwa tofauti isiyofikia milimita moja.

Stata zinazofungwa kwenye Toyota nyingi huchoka hapo kabla ya kuchoka kwingine, na vipande hivyo viwili vinauzwa peke yake kwa bei ambayo haifiki hata robo ya stata ya mtumba. Siku ambazo dukani hakuna, fundi huyu hukata shaba nene ya kebo ya zamani, huipiga bapa, huinyoosha kwa tupa mpaka vipande vyote viwili vikae kimo kimoja. Kimo kimoja ndiyo kazi yenyewe. Kimoja kikizidi, mviringo utagusa upande na kuunguza, na baada ya miezi michache kijana atasukumwa tena.

Kwa kuwa mota ilikuwa mkononi, aliifungua nayo. Kaboni zilikuwa bado na urefu wa kutosha. Amecha haikuwa na waya ulioungua; aliinusa kwanza, kisha akaipima kwa taa yake ndogo ili kuhakikisha umeme hauvuji kwenda kwenye chuma. Ingekuwa imeungua, angeipeleka kwa wanaosuka mota. Kazi hiyo ina wenyewe katika ukanda wa dhahabu, kwa sababu pampu za kutoa maji kwenye maduara (mashimo ya machimbo) na mota za makarasha (mashine za kusaga mawe) ya Nyarugusu na Rwamgasa zinaungua, na mchimbaji mdogo hana hela ya kununua mpya kila zinapoungua. Mikono inayosuka mota ya pampu ndiyo inayosuka koili ya stata. Naamini ustadi huo wa Geita ni utajiri usioandikwa kwenye hesabu za dhahabu, na ungestahili kuandikwa.

Alipokwisha kufunga vipande vipya vya shaba, kabla ya kurudisha stata, alipaka grisi kidogo kwenye bushi na kusugua kwa msasa uso wa stata unaokaa kwenye injini, na ule wa injini pia, mpaka chuma kikang'aa. Wengi huacha hatua hii. Stata haina waya wa ethi. Inarudisha umeme kupitia mwili wake na bolti zake. Kutu au rangi hapo itaizungusha kivivu, na mwenye gari atanunua betri bure.

Likawaka kwa mguso mmoja. Hapo ndipo likaja suala la bei, nalo linaniuma. Kijana alifurahi sana, lakini alipotajiwa ufundi akashangaa: "Mzee, si umebadilisha vishaba viwili tu?" Tumezoea kulipia chuma. Fundi anayekuja na stata nzima, akaifunga kwa nusu saa bila kupima, anapata faida kwenye stata na ufundi juu yake. Anayetumia saa nzima kugundua kwamba kosa ni shaba, au ni kichwa cha betri kilicholegea, anaonekana hakufanya kitu. Kwa kulipa hivyo tunawafundisha mafundi wetu kubahatisha. Kupima ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na inastahili bei yake, hata pale jibu linapokuwa ni kukaza nati moja.

Vyeti navyo vimesogea karibu na watu hawa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha umeme wa magari, na upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia gereji, ambao hupimwa kwa wanachoweza kufanya na kupewa cheti. Ni jambo jema sana. Ningependa fundi wa Kahama apimwe siku moja na mtu atakayempa gari lililogoma na mita, kisha asimwambie chochote.

Kijana alilipa, tena kwa heshima, baada ya kuonyeshwa vile vipande vilivyoliwa na kukumbushwa bei aliyokuwa ametajiwa ya stata kutoka Dar es Salaam. Akashika simu kuizuia isipakiwe. Fundi alikuwa bado hajafunga mkoba. Alikuwa ameinama juu ya injini, kidole kikifuata mstari wa mafuta kutoka kwenye kifuniko cha valvu hadi mahali stata inapokaa. "Gasketi hii inavuja," akasema. "Mafuta yanadondokea stata, vumbi linashika hapo, kisha vinaingia vyote kwenye kaboni. Nitafutie gasketi leo. Kesho kabla hujaingia barabarani nipitie, nikufungie."