Usonji: Kupima au Kubainisha?

Mintarafu ya istilahi za tiba, wahakiki wetu aghalabu hushindana juu ya jina la maradhi, wakayasahau maneno yanayomwongoza mtu hadi kulifikia jina hilo. Kasoro hiyo yaonekana wazi katika hali ya watoto iitwayo usonji. Mabishano yamekuwa baina ya usonji na tawahudi. Lakini mzazi aliye Kilimatinde, wilayani Manyoni, hazuiwi na lolote kati ya hayo mawili. Limzuialo ni kitenzi kidogo tukitumiacho kila siku: kupima.

Kwanza tulimalize la jina. Tawahudi limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa wahedi na tauhidi, nalo lafasiri kwa uaminifu istilahi ya Ulaya iliyojengwa juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi. Uaminifu huo ndio udhaifu wake. Eugen Bleuler, tabibu wa Uswisi, aliibuni istilahi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wagonjwa wa skizofrenia waliojifungia katika mawazo yao. Leo Kanner, alipoeleza habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, aliiazima, ikaja na mzigo wa maana usiowahusu watoto hao. Wanaoandika “ugonjwa wa kujitenga” wameurithi upotofu huo na kuuongezea wa kwao, kwani msomaji hupata picha ya mtoto mwenye kiburi au aliyenyimwa mapenzi. Tusisahau kwamba wako mabingwa wa karne iliyopita waliowalaumu akina mama kwa ubaridi wao, lawama ambayo utafiti umekwisha kuitupa. Usonji halimwambii mtu lolote kabla hajaelezwa maana yake, nasi twaona hiyo ni sifa. Liachwe lilivyo.

Sasa kupima. Tuseme mama ana mtoto wa miaka 3. Haitiki akiitwa jina, ingawa hushtuka mfuniko wa sufuria ukianguka. Maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea, na kutwa nzima hupanga vizibo vya soda mstari mmoja. Jirani asema ni bubu, mwingine kwamba amerogwa. Bibi asema babaye naye alichelewa kusema, wasubiri. Hatimaye mama aambiwa, “Mpeleke akapimwe.” Katika Kiswahili cha hospitali, kupima ni damu, choo, mkojo, uzito, picha: jambo lenye chombo na jibu. Basi mtoto apimwa malaria, apimwa masikio. Majibu yarudi: vipimo vyote ni vizuri. Naye mama, kwa mantiki safi ya lugha aliyopewa, aelewa kwamba mtoto hana tatizo. Mwaka wapita.

Ukweli ni kwamba usonji hauna kipimo cha damu wala cha picha. Hujulikana kwa kumtazama mtoto akicheza, na kwa kumhoji mzazi kwa kirefu juu ya makuzi yake tangu kuzaliwa. Mzazi, basi, si mleta mgonjwa tu. Ni shahidi mkuu. Kupima lamnyang’anya ushahidi huo, lamfundisha kunyamaza na kungoja karatasi.

Twapendekeza ubainishaji. Utambuzi limekwisha kuchukuliwa na wanasaikolojia kwa kazi ya akili katika kujua mambo, na uchunguzi ni njia, si hitimisho lake. Kubainisha ni kulitenga jambo na yale yanayofanana nalo; na ndiyo kazi yenyewe hapa, kuutenga usonji na uziwi, na mtindio wa ubongo, na kuchelewa kusema. Mpinzani atasema ni neno zito kwa mama ambaye nyumbani husema Kigogo. Huenda. Lakini lililompoteza ni lile jepesi, na muuguzi hazuiwi kulifafanua: “Tutamtazama akicheza, nawe utatusimulia.”

Liko na tatizo la rufaa. Toka Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, hadi kwa mabingwa wa Dodoma ni zaidi ya kilomita 100, na nauli yake yajulikana. Zaidi ya nauli, jina la Mirembe katika masihara yetu limekuwa kisawe cha wazimu. Mama alionapo katika karatasi aweza kuikunja na kurudi nyumbani. Hospitali hiyo haina kosa. Hiyo ni kazi ya vinywa vyetu.

Neno la mwisho ni kwa wafasiri wa hojaji wanazoulizwa wazazi. Swali muhimu mojawapo ni kama mtoto huonyesha kwa kidole. Ukiandika “Je, mtoto hunyoosha kidole?” mama atafikiri ni mwanafunzi aombaye kujibu, ukiandika “hunyooshea watu kidole” umemfanya mtoto mshtaki. Na hata “huonyesha kwa kidole” halitoshi, kwani kuomba embe kwa kidole ni jambo moja, na kumwonyesha mama ndege apitaye, ili naye amtazame, ni jambo jingine. Hili la pili ndilo hasa hukosekana kwa watoto wengi wenye usonji, nalo lataka swali lake peke yake: “Je, hukuonyesha kitu kwa kidole, si kwa kukitaka, bali ili nawe ukione?”